Milima Yetu Imeitangulia Mifupa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



 Katibu wetu aliponialika alinitumia na maswali ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, akaniomba nichague la kuzungumzia. Yote yalikuwa mazuri, lakini moja lilinishika. Mwanafunzi aliuliza: Oldupai kuna mafuvu ya kale, Lindi kuna mifupa ya dinosauri, mbona huku kwetu Kasulu na Kibondo hakuna kitu?

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na huyu kauliza vizuri. Lakini katika swali lile niliona pia unyonge kidogo, kana kwamba historia ya uhai duniani ilipita mikoa mingine ikaliruka eneo letu. Mimi nimefanya kazi ya kupima miamba kwa miaka mingi, na leo nataka kuuondoa unyonge huo. Jibu langu ni fupi: miamba yetu haina mifupa kwa sababu ilikuwapo kabla ya mifupa. Sehemu kubwa yake ilifanyika wakati ambapo hapakuwa na mnyama hata mmoja mwenye mfupa, popote duniani. Niruhusuni nieleze hatua kwa hatua.

Kisukuku hupatikanaje

Kisukuku ni mabaki ya kiumbe wa zamani, au alama aliyoiacha, iliyohifadhiwa ndani ya mwamba. Chaweza kuwa mfupa, jino, gamba la konokono, jani, au hata wayo. Watu wengi hudhani kila kinachokufa huacha kisukuku. La, hasha. Ng'ombe akifia malishoni huko Nyakitonto au Kifura, fisi na tai watamaliza nyama, siafu watasafisha, jua litapasua mifupa, na mvua zetu nyingi zitaimaliza. Udongo wetu mwekundu una tindikali, nayo tindikali hula mfupa polepole. Baada ya miaka kadhaa utapita pale pale usione chochote.

Ili mfupa udumu unahitaji bahati tatu. Kwanza ufunikwe mapema kwa tope, mchanga au majivu ya volkano. Pili, maji yapitayo ardhini yalete madini yanayojaza vitundu vya mfupa hadi ugeuke jiwe. Tatu, baada ya muda mrefu, mto au mmomonyoko uufukue tena, na apite hapo mtu mwenye jicho la kuutambua kabla haujavunjika. Kwa hiyo visukuku si daftari kamili la mahudhurio. Ni kama rejista iliyoliwa na mchwa: majina mengi yamepotea, lakini yaliyobaki yanasomeka.

Chukueni mfano wa Laetoli, kusini ya Oldupai. Miaka milioni 3.66 iliyopita majivu ya volkano yalianguka, mvua ikayalowesha, na viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili wakapita juu yake. Majivu yakakauka yakawa magumu kama saruji, kisha yakafunikwa na majivu mengine. Mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kikazifunua nyayo hizo. Mwaka 2016 Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, wakatangaza nyayo nyingine zilizogunduliwa karibu na hapo. Majivu, mvua, na majivu tena: mambo hayo matatu yasingefuatana vile, leo tusingejua lolote juu ya matembezi yale.

Safari ya kilomita 45

Sasa tuje kwenye umri. Dunia ina miaka kama milioni 4,540. Namba ya namna hiyo hupita masikioni bila kuacha kitu. Basi tuipime kwa miguu, kwa kuwa wengi wetu tuliijua elimu kwa miguu. Tuseme mtu anatembea kilomita 45 na kidogo, na mwisho wa safari yake ni goli la uwanja wetu wa mpira. Kila kilomita ni miaka milioni 100. Kila mita ni miaka 100,000. Kila sentimita ni miaka 1,000.

Mwanzo wa safari dunia ndiyo kwanza imefanyika. Zikibaki kilomita 35 hivi, tunakuta dalili za uhai: viini vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vilivyoishi majini na kuacha matabaka ya mawe yanayoitwa stromatoliti. Kisha msafiri anatembea kilomita baada ya kilomita bila kukuta mnyama, mti wala jani.

Zikibaki kilomita nane anakuta mawe ya kwetu. Lava zilizotapakaa katika eneo la Waha, zikifika hadi Burundi, ziliganda karibu miaka milioni 800 iliyopita. Wanajiolojia wamelipa kundi hilo la miamba jina la Uha, na kundi kubwa zaidi linalolibeba wameliita Malagarasi. Angalieni basi: wilaya zetu na mto wetu zimo katika vitabu vya jiolojia vya dunia, ingawa wengi wetu hatukuwahi kuambiwa.

Wanyama wenye magamba na sehemu ngumu walianza kuenea baharini zikiwa zimebaki kilomita 5.4 tu. Samaki wenye mifupa walikuja baadaye. Dinosauri wa Tendaguru, mkoani Lindi, tunawakuta ikibaki kilomita moja na nusu, yaani miaka milioni 150 iliyopita. Ikibaki mita 660 dinosauri wakubwa wote wanatoweka. Kwa hiyo mtu anayepasua mwamba wa lava za Uha akitafuta mfupa wa dinosauri ni sawa na mtu anayefungua kaburi la babu yake akitafuta picha ya kitukuu.

Mita mia za mwisho ndizo uwanja wetu wa mpira. Anzeni goli la mbali: hapo, miaka kati ya milioni 9 na 12 iliyopita, Ziwa Tanganyika linaanza kufanyika kwa ardhi kupasuka na kudidimia. Zikibaki mita 60 au 70, ukoo wetu na ukoo wa sokwe unaachana. Mita 36 na nusu kutoka goli la huku ni nyayo za Laetoli. Mita 17 na nusu, nje kidogo ya kumi na nane, ni fuvu la Zinjanthropus. Mita tano kasoro ni magogo yaliyochongwa na kuunganishwa huko maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambayo mwaka 2023 yalitangazwa kuwa na umri wa miaka 476,000. Mita tatu ni binadamu wa aina yetu. Kilimo chote cha dunia, tangu mtu wa kwanza alipopanda mbegu, hakizidi upana wa mstari wa chokaa wa goli. Na mzee aliyeishi miaka 100 amekalia milimita moja.

Saa iliyomo ndani ya mwamba

Kijana mwenye akili ataniuliza: nani alikuwapo akahesabu? Hakuna aliyekuwapo, lakini saa ilikuwapo. Mwamba wa volkano unapoganda huwa na potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Mwendo wake haubadiliki kwa mvua wala kwa kiangazi: nusu yake huisha kwa miaka milioni 1,250. Agoni inayozaliwa hunaswa ndani ya mwamba. Ukipima agoni iliyomo na potasiamu iliyobaki, unajua mwamba uliganda lini.

Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus Oldupai tarehe 17 Julai 1959. Wakati huo watu walikisia umri wake. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya mahali pale yalipimwa kwa saa hiyo ya potasiamu, ikaonekana kwamba fuvu lilikuwa na miaka milioni 1.75, zaidi sana ya walivyokisia wengi. Saa ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyopima lava zetu. Hatuwezi kuikubali ikisema juu ya Oldupai na kuikataa ikisema juu ya Kasulu.

Ushahidi ulio hai

Ndugu zangu, mahali pasipo na mifupa ya kale paweza kuwa na ushahidi mwingine, tena ulio hai. Mkoa wetu umejaliwa ushahidi huo kuliko mikoa mingi.

Kwanza ni ziwa. Kuhe mnayemla Kigoma, na perege mnayemjua wote, ni wa jamii moja ya samaki. Jamii hiyo ina aina karibu 240 katika Ziwa Tanganyika, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Zimetokana na mababu wachache. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaovizia samaki wengine, wapo wanaolea watoto ndani ya mdomo. Wapo hata wanaoishi kwa kunyofoa magamba ya wenzao. Hao wanyofoa magamba mdomo wao umepinda upande. Aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo lake, na aliyepinda kushoto hushambulia wa kulia. Mwaka 1993 mtafiti wa Kijapani, Michio Hori, alieleza kwamba wa upande mmoja wakizidi, mawindo huulinda zaidi ubavu huo, na wale wa upande wa pili, walio wachache, hushiba zaidi na kuzaa zaidi. Mizani hugeuka, kisha hurudi. Hilo ndilo linaloitwa uteuzi wa asili: anayefaa mahali pake huacha watoto wengi zaidi, na watoto hurithi.

Pili ni mto Malagarasi. Wataalamu wanauona kuwa mzee kuliko ziwa lenyewe, yaani ulikuwa ukitiririka kuelekea upande wa Kongo kabla bonde halijafunguka mbele yake. Ushahidi wao mmoja ni samaki: baadhi ya samaki wa Malagarasi wana ndugu zao katika mto Kongo, ng'ambo ya ziwa, wala hawakai katika vilindi vya ziwa lenyewe. Ziwa lilikuja likawatenga kama mpaka unavyotenga ukoo.

Ziwa hili lilipata kuwakosesha njia hata mabingwa. J.E.S. Moore, Mwingereza, alikuja kulichunguza mwaka 1895 na tena 1899. Aliona konokono ambao magamba yao yalifanana mno na visukuku vya konokono wa bahari ya kale, akatangaza kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya wakati wa dinosauri. Mwaka 1903 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Waliomfuata walipima zaidi wakaona sivyo: ziwa ni changa kuliko alivyodhani, na konokono wale walijipatia umbo lao humo humo ziwani. Kufanana sura si lazima kuwe undugu. Somo hili mlishike, kwa maana atafutaye visukuku hujaribiwa kila siku kuamini sura.

Tatu ni sokwe wa Gombe. Jane Goodall alifika pale Julai 1960, na mwaka huo huo akaona sokwe wakichomeka majani katika kichuguu na kuwatoa mchwa wawale. Mpaka hapo wengi waliamini kutumia zana ni kazi ya binadamu peke yake. Sasa nisahihishe neno moja linalosemwa sana mitaani. Sayansi haisemi kwamba babu yako alikuwa sokwe. Sokwe wa leo si babu yako, kama vile binamu yako si babu yako. Mna babu mmoja wa zamani, aliyeishi miaka milioni sita au saba iliyopita, naye hakuwa sokwe wala mtu. Kwa imani zenu, kila mmoja ana kanisa lake au msikiti wake, na wengi waliochimba mifupa hii walikuwa watu wa dini. Mimi hapa nasema juu ya kile mwamba na mwili vinachoonyesha.

Nani aliyeona, nani aliyeandikwa

Nimesema kisukuku kinahitaji mtu mwenye jicho. Hapo ndipo penye jambo zito kuliko yote niliyosema.

Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru. Mamia ya Watanganyika walichimba, wakafunga mifupa, wakaibeba vichwani hadi bandari ya Lindi. Mifupa hiyo ilipelekwa Berlin, na mpaka leo lipo huko jumba la makumbusho lenye dinosauri wa Tendaguru aliyesimama zaidi ya mita 13. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Ilimchukua karibu miaka mia kupata heshima katika jina la mnyama: mwaka 2007 dinosauri mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wake.

Siku hizi mambo yamebadilika kiasi, na lugha yenu wenyewe ni shahidi. Katika bonde la Rukwa, lililo katika ufa ule ule unaobeba ziwa letu, amepatikana dinosauri anayeitwa Shingopana. Mwingine, aliyetangazwa 2019, anaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, yaani mnyama wa mto Mtuka, ambaye mfupa wa mkia wake una umbo la moyo. Mamba mdogo mwenye meno kama ya paka aliitwa mwaka 2010 Pakasuchus kapilimai, kwa heshima ya marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 2013 bonde hilo hilo lilitoa taya la Rukwapithecus, mwenye miaka milioni 25, mmoja wa wazee kabisa wa ukoo wa nyani wasio na mkia ambao sisi na sokwe tumo. Majina haya yanasomwa leo na wanafunzi wa London na Tokyo, nao hawana budi kuuliza maana yake. Ninyi hamhitaji kuuliza.

Lakini jina peke yake halitoshi. Anayejua mwamba ndiye anayeamua wapi pachimbwe, nini kiandikwe na mifupa ikae wapi. Nchi yenye wabebaji wengi na wajuzi wachache itaendelea kubeba.

Kazi iliyo mbele yenu

Basi mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo afanye nini? Nina mambo manne.

La kwanza, someni ardhi mahali inapofunguliwa. Barabara inapokatwa mlimani, kisima kinapochimbwa, mawe ya kujengea yanapopasuliwa, hapo kitabu kimefunguliwa. Tazameni matabaka: lipi liko chini, lipi juu, lipi la mchanga, lipi la lava.

La pili, tafuteni kinachoweza kupatikana. Katika mawe ya chokaa ya umri mkubwa msitafute mfupa, tafuteni mistari myembamba iliyopindana kama maganda ya kitunguu, maana hivyo ndivyo stromatoliti huonekana. Katika kingo za mito na mabwawa, ambako mashapo ni machanga, tazameni mawe yaliyochongwa na watu wa kale.

La tatu, mkiona kitu, msikichokoe. Andikeni mahali, kina, tabaka na tarehe, mchore picha, kisha mtoe taarifa kwa mwalimu na kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivi, na hairuhusu kuchimba bila leseni. Kisukuku kilichong'olewa bila maelezo ya kilikotoka ni jiwe tu: kimepoteza ushahidi wake.

La nne ni letu sisi wa zamani. Naomba chama chetu kiipatie shule kabati moja la mawe, kila jiwe na kipande chake cha karatasi kikieleza lilikookotwa na nani. Halitagharimu zaidi ya mbao, kioo na kufuli. Naomba pia vijana wapige mambo uwanjani kando ya mstari, kila mambo na maandishi yake, kuanzia ziwa hadi mstari wa goli. Mimi nitatoa mbao za mambo hayo, na nitakuja kuwasaidia kupima mita.

Miamba mliyoikanyaga asubuhi mkija shuleni imekaa miaka milioni 800 ikingoja msomaji, na wasomaji wa kwanza wanaostahili ni wenyeji wake.